Ujumbe Usiojibiwa Haujafika

Meseji ilikuwa na maneno sita: "Mzee leta bati 30 za bluu." Iliingia saa moja jioni kwenye simu ya duka la baba yangu mdogo, duka la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro, kutoka kwa mteja wa Ifakara aliyekuwa anaezeka nyumba. Kijana wa duka aliisoma, akajibu "Sawa", akapakia bati 30 za bluu, geji 28, kwa kuwa ndizo zilizokuwa zikitoka sana mwezi ule. Alfajiri lori likaondoka.

Kumbe asubuhi ya siku ile mteja alikwisha kupiga simu akazungumza na baba mdogo mwenyewe. Aliulizia bei ya bati 48, za geji 28 na za geji 30, akasema atafikiri. Jioni alikuwa anatoa uamuzi wake: zije zile za geji 30. Idadi hakuitaja kwa sababu aliona imekwisha kuzungumzwa. Mzigo ulipofika ulipungua bati 18, na zile zilizokuwepo zilikuwa nene na ghali kuliko hesabu yake. Mafundi walikaa siku nne bila kazi, nauli ya lori ikalipwa mara mbili, na masika ikanyeshea kenchi zilizokuwa wazi. Walipokutana kudaiana, mteja alitoa simu akaonyesha meseji. Kijana naye alitoa simu akaonyesha meseji ile ile.

Ushahidi ulikuwepo, basi, tena wa maandishi, tena mikononi mwa pande zote mbili. Haukumsaidia mtu.

Imani iliyotawala sasa, kuanzia vitabu vya somo la biashara vya sekondari hadi semina za ujasiriamali na ofisi za makampuni makubwa, ni kwamba biashara ya kisasa ni kuandika na kutuma. Mazungumzo ya mdomo, tunaambiwa, hayana kumbukumbu, yanakula muda, na ni tabia ya watu wasio na mpangilio. Njia bora ni ile iliyo ya haraka, inayofikia watu wengi kwa mara moja na inayobaki kwenye faili. Ukishatuma umetimiza wajibu wako. Kuelewa ni kazi ya mpokeaji. Mimi naipinga imani hii kuanzia mzizi wake. Nimeona inavyowala wafanyabiashara wadogo na wateja wao, na ninaamini inaendelea kuheshimiwa kwa sababu tu wanaoihubiri si wao wanaolipa nauli ya lori la pili.

Nalikumbuka daftari langu la kidato cha pili. Mwalimu alichora ubaoni visanduku vilivyounganishwa kwa mishale: mtumaji, ujumbe, njia, mpokeaji, na mwishoni kabisa mrejesho. Chini yake likaja jedwali la njia za mawasiliano zitumikazo katika biashara, yaani barua, simu, telegramu, teleksi, faksi, mkutano wa ana kwa ana, kila moja na faida zake na hasara zake. Tulikariri kwamba hasara ya mazungumzo ni kukosa kumbukumbu na faida ya maandishi ni ushahidi. Mrejesho ulikuwa kisanduku cha mwisho, cha kupatia alama moja kwenye mtihani. Hakuna aliyetueleza kwamba kisanduku kile kikiondolewa, vingine vyote havina kazi.

Mchoro ule una asili yake. Mwaka 1948 Claude Shannon, mwanahisabati na mhandisi katika maabara za Bell nchini Marekani, alichapisha makala ambayo teknolojia ya mawasiliano ya leo imesimama juu yake. Bell ilikuwa kampuni ya simu, na swali la Shannon lilikuwa la waya: alama zipitishwe vipi kwenye njia yenye kelele zifike upande wa pili bila kuharibika? Alisema wazi mwanzoni mwa makala yake kwamba maana ya ujumbe haihusiani na tatizo lake la kihandisi. Mwaka uliofuata makala hiyo ikatoka kama kitabu pamoja na maelezo ya Warren Weaver, na baada ya hapo mishale ya Shannon ikahamia kwenye vitabu vya uongozi na vya biashara. Mrejesho ulikuja kuongezwa na wengine, walioona kwamba watu wawili wanaouziana kitu si mitambo miwili. Shannon simlaumu hata kidogo. Alijibu swali alilojiuliza. Nawalaumu waliochukua kipimo cha waya wakakifanya kipimo cha duka. Kwa kipimo kile, meseji ya Ifakara ilifika salama, herufi zote na tarakimu zote. Bati ndizo hazikufika.

Tunaambiwa vilevile kwamba ujumbe wa biashara sharti uwe mfupi. Nenda moja kwa moja, acha maneno mengi. Sharti hili nalo lina asili, na asili yake ni bei. Mwaka 1879 waya wa telegrafu uliolazwa chini ya bahari na kampuni ya Waingereza kutoka Aden ulifika Zanzibar, ukaendelea kusini hadi Durban. Habari za bei zilizokuwa zikisafiri kwa meli majuma kadhaa sasa ziliweza kufika haraka mno, lakini kila neno lililipiwa, na lililipiwa sana. Ndiyo maana wafanyabiashara wa dunia ile walikuwa na vitabu vya misimbo ambamo neno moja lilibeba sentensi nzima. Hata siku za Shirika la Posta na Simu, aliyekwenda dirishani kupeleka telegramu alikata maneno mpaka zikabaki fedha za nauli ya kurudi nyumbani. Ufupi ule ulilinda mfuko wa mtumaji. Haukuwa na uhusiano wowote na kueleweka. Leo kifurushi cha dakika kinaisha muda wake kabla hakijatumika, nasi bado tunakata maneno kana kwamba karani wa posta anayahesabu.

Tena hata wakati dakika zilipokuwa ghali, wauzaji wa mtaani hawakukubali kukosa jibu. Walitumia kubipu, yaani kupiga na kukata kabla simu haijapokelewa. Mama ntilie alimbipu muuza mkaa mara moja, maana yake gunia limekwisha; muuza mkaa akabipu kurudisha, maana yake nimesikia, nakuja. Hakuna aliyelipa senti, na jibu lilipatikana. Watu wale hawakuhitaji semina ya mtu yeyote kuwafundisha kwamba ishara isiyorudi haina thamani.

Niseme sasa juu ya salamu, kwa sababu ndizo zinazodharauliwa kuliko vyote. Mkufunzi wa semina anazihesabu kuwa muda uliopotea: habari za asubuhi, za nyumbani, watoto hawajambo, mama anaendeleaje na mguu. Anayefanya biashara ya mali kauli anajua vingine. Mali kauli ni mfumo mkubwa ajabu. Mwenye duka Sumbawanga au Songea anachukua bidhaa kwa mfanyabiashara wa jumla wa Kariakoo bila kulipa, au kwa kulipa sehemu tu, na fedha inarudi baada ya mauzo. Benki haimo. Dhamana ni kauli, kama jina lenyewe linavyosema. Ukiwa nje utadhani ni kuaminiana kwa upofu. Ukiwa ndani unaona kwamba kauli hiyo inakaguliwa kila juma, kwa simu, na ukaguzi unaanzia kwenye salamu. Sauti ya mtu mwenye msiba inasikika. Sauti ya mtu aliyebanwa inasikika. Nyuma yake unasikia kama dukani kuna wateja au kumepoa. Baba mdogo amewahi kuniambia kwamba dalili ya kwanza ya mdaiwa anayeelekea kushindwa haionekani kwenye daftari. Inaonekana siku anapoacha kupokea simu akaanza kujibu kwa meseji. Meseji inamsitiri. Sauti isingemsitiri.

Watetezi wa maandishi watasema: hayo ni mazoea ya mtaani, biashara halisi inaongozwa na sheria, na sheria inataka karatasi. Hapa ndipo wanapokosea zaidi. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, yenye mizizi katika sheria ya India ya mwaka 1872, haikatai mkataba wa mdomo. Yapo mambo yanayotakiwa kuandikwa kwa sheria mahususi, ardhi ikiwa mojawapo, lakini kanuni ya jumla ni kwamba makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba. Na sheria hiyo hiyo, kifungu cha 4, inasema kwamba taarifa ya pendekezo hukamilika pale inapoingia katika ufahamu wa yule aliyepelekewa. Katika ufahamu wake. Kuingia kwenye simu yake hakutajwi.

Mahakama za Uingereza, ambazo mantiki yake tuliirithi, zilihangaika na jambo hili miaka mingi. Mwaka 1862 ilisikilizwa kesi ya mzee Felthouse, aliyemwandikia mtoto wa ndugu yake kwamba asiposikia neno zaidi atahesabu farasi fulani ni wake kwa bei aliyoitaja. Kijana hakujibu. Mahakama ikasema huwezi kumbebesha mwenzako mkataba kwa kunyamaza kwake. Mwaka 1955 ikaja kesi ya Entores, iliyohusu makubaliano yaliyofanywa kwa teleksi kati ya London na Amsterdam, na Jaji Denning akatoa mfano ambao ningependa usomwe katika kila darasa la biashara. Mtu anapaza sauti kumjibu mwenzake aliye ng'ambo ya mto, ndege inapita, jibu linamezwa na mngurumo. Hakuna mkataba wakati ule, alisema. Anayejibu inabidi angoje ndege ipite, apaze sauti tena, mpaka asikike. Majaji wale waliangalia mashine mpya ya wakati wao, iliyokuwa na kasi na iliyoacha karatasi, na bado wakauliza swali la zamani: je, mwenzako amesikia?

Ubaya mkubwa haupo kwenye duka la baba mdogo, ambako kosa la meseji moja lilitatuliwa kwa watu kukaa chini. Ubaya upo juu, kwa makampuni, ambako kutokujibiwa kumefanywa kuwa mfumo. Tazama simu yako. Benki, bima, king'amuzi, kampuni ya mtandao, wote wanakuandikia, na ujumbe wao hautoki kwenye namba. Unatoka kwenye jina. Jaribu kuujibu uone. Hauendi. Kampuni imejipa kinywa ikakataa kujipa sikio, halafu katika hotuba zake inasema teknolojia imeisogeza karibu na mteja.

Haya nayasema nikiwa na uchungu. Mwaka fulani duka letu lilipokea ujumbe kutoka kampuni ya bima kwamba bima ya moto imesitishwa kwa kutolipwa. Tulikuwa tumelipa. Risiti tulikuwa nayo. Ujumbe haukujibika. Tukapiga namba ya huduma kwa wateja: bonyeza moja kwa Kiswahili, bonyeza tatu kwa malipo, wahudumu wetu wote wanawahudumia wateja wengine, tafadhali endelea kusubiri. Siku mbili tuliendelea kusubiri. Siku ya tatu nilipanda basi kwenda Dar es Salaam, nikakaa kwenye benchi mpaka saa nane mchana, nikafika mbele ya dada mmoja mwenye adabu aliyenisikiliza, akauliza maswali mawili, akagundua kwamba malipo yaliingizwa kwa jina la duka wakati bima imeandikwa jina la mwenye duka. Alirekebisha kwa dakika tano. Siku zote tatu duka lenye rangi, thina na magodoro lilikuwa halina bima kwenye vitabu vyao, na kampuni iliamini imewasiliana nasi, maana mfumo ulionyesha ujumbe umepokelewa.

Kampuni nyingine zimeenda mbali zaidi, zikarudi kwenye hila ya mzee Felthouse: masharti yamebadilika, ukiendelea kutumia huduma tutahesabu umekubali. Au unajikuta umeunganishwa na huduma ya nyimbo au ya dondoo za afya ambayo hukuiomba, na salio linakatwa kila siku mpaka ujue namna ya kujiondoa. Ukimya wa mteja unauzwa kama ridhaa.

Na mahali penye ujumbe usiojibiwa, mwizi anapata kazi. Nani Tanzania hajapokea "Ile hela tuma kwenye namba hii"? Utapeli ule hauhitaji ujanja mwingi. Anayeutuma hajui kama unadaiwa kodi, karo au fedha ya mzigo. Anachojua ni kwamba tumezoea kupata maagizo ya fedha kwa maandishi mafupi, bila salamu na bila sauti, na kuyatekeleza. Dawa iliyowaokoa wengi ni moja: piga simu kwanza kwa namba unayoijua, umsikie mwenyewe.

Ajabu ni kwamba mfano bora wa mawasiliano ya biashara tunao hapa hapa, tena ni wa kidijitali, na watetezi wa kutuma-na-kuondoka hawakuusoma vizuri. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaja Tanzania mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata. Wengi husema iliwashinda wenzake kwa kasi. Kasi ilikuwepo, lakini simama kwa wakala dakika kumi usikilize. Mteja anataja namba, wakala anairudia kwa sauti. Jina linatokea, "Jina linasoma nani?" Anayetuma anathibitisha. Fedha ikienda, ujumbe unaingia kwa aliyetuma na kwa aliyetumiwa, na bado hapo hakuna anayeondoka. Mtu anapiga simu kijijini: "Imeingia?" Anangoja. "Imeingia." Hapo ndipo biashara imekwisha. Na walipotokea matapeli wa kutengeneza ujumbe bandia wa malipo, wauzaji wa Kariakoo walijifunza haraka kutoamini maandishi yanayoonyeshwa kwenye simu ya mnunuzi. Wanaangalia salio lao wenyewe kwanza. Maandishi yaliyosifiwa kuwa ushahidi yalikuwa mepesi kughushi.

Sitaki nieleweke kana kwamba naukataa uandishi. Kibarua aliyeahidiwa ujira kwa mdomo akadhulumiwa, mkulima aliyeambiwa bei shambani akapewa nyingine ghalani, hawa wanahitaji karatasi, na mwenye nguvu anayepinga karatasi mara nyingi ana lake jambo. Mfanyabiashara kiziwi anahitaji maandishi kama mimi ninavyohitaji sauti. Tangu mwaka 2015 tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, na meseji inaweza kupokelewa mahakamani kama ushahidi. Hilo ni jema. Lakini angalieni maandishi yaliyodumu katika biashara yamejengwaje. Karatasi ya kupokelea mzigo haikamiliki mpaka mpokeaji amehesabu, ameandika kilichopungua, amesaini, na nakala imerudi kwa aliyepeleka. Barua rasmi ya kizamani, ambayo vijana wanaiona ndefu bila sababu, huanza kwa kurejea barua yako yenye kumbukumbu fulani, ya tarehe fulani, ambamo uliuliza jambo fulani. Mwandishi anakurudishia maneno yako kabla hajatoa yake, ili kama hakukuelewa uone papo hapo. Maandishi hayo yamebeba jibu ndani yake. "Sawa" ya yule kijana haikubeba kitu, na alama mbili za bluu za WhatsApp hazibebi kitu; zinasema jicho limepita juu ya maneno, basi.

Kwa hiyo ninayoyadai ni machache na yanawezekana. Mamlaka ya Mawasiliano izuie kampuni kumwandikia mteja kuhusu fedha yake au mkataba wake kwa ujumbe ambao hawezi kuujibu. Kama ina uwezo wa kutuma kwa mamilioni, iwe na uwezo wa kupokea. Ukimya usihesabiwe kuwa ridhaa katika huduma yoyote inayokata salio. Walimu wa biashara wamwambie mwanafunzi kwamba mrejesho ndio unaoonyesha kama vile visanduku vingine vilifanya kazi. Na wakufunzi wa ujasiriamali waache kuwatia aibu watu wanaopiga simu.

Dukani kwetu, tangu mambo ya Ifakara, hakuna oda inayopakiwa kabla mteja hajapigiwa na kusomewa alichoagiza. Baba mdogo ana miaka sabini na ushee sasa, na kazi hiyo hamwachii mtu. Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa naye kaunta ilipoingia meseji ya mama mmoja wa Kilosa: anataka nondo 12. Alivaa miwani, akapiga. Wakasalimiana, akauliza hali ya mvua huko, akapewa habari za daraja lililoharibika. Kisha akasema, "Mwanangu, umeniandikia nondo 12. Ni nondo kumi na mbili, au ni nondo za milimita kumi na mbili?"

Upande wa pili ulikaa kimya kidogo. Nyundo zilisikika kwa mbali.

"Ngoja, mzee," mama akasema. "Ngoja nimuulize fundi."